Ferrari 360 ya kilomita 11,000: uzoefu wangu na wakaguzi wawili wa Dubai

Nianze na hukumu, maana wengine hamna muda. Mkaguzi wa kwanza, kampuni inayokagua kila kitu kuanzia Yaris hadi Rolls-Royce: usimpe gari ya aina hii. Wa pili, gereji ndogo ya Al Quoz isiyoshika ila Ferrari na Maserati: mpe pesa yake bila ya kubishana. Gari yenyewe nimeinunua, ipo hapa Maskati na naiendesha. Ila bei niliyolipa siyo ile iliyobandikwa kwenye kioo, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Gari ni Ferrari 360 Modena ya 2003, nyekundu, spesifikesheni ya Ghuba, giaboksi ya F1, yaani ile ya vibao nyuma ya usukani isiyo na kanyagio la klachi. Mita inasoma kilomita 11,000 na ushei. Gawanya kwa umri wake utapata kama 500 kwa mwaka, ambazo teksi ya Ruwi, hapa Maskati, inazimaliza kwa siku mbili tatu. Muuzaji alitaka dirhamu 315,000, na kila neno lake lilianzia kwenye mita likaishia kwenye mita.

Mimi mita ilinitia wasiwasi kuliko kunifurahisha. Kilomita chache zinaweza kuwa za uongo. Gari za zama hizo zina historia ya watu kuchomoa waya wa spidi na kuendelea na starehe zao. Zinaweza vilevile kuwa za kweli na bado zikakuumiza, kwa sababu mpira, ngozi na mafuta havihesabu kilomita, vinahesabu miaka. Nilikwenda Dubai kutafuta majibu ya hayo mawili, na nilitaka yatoke kwa mtu mwingine, siyo kwa muuzaji.

Kampuni ya kwanza nitaipitia haraka. Kijana alikuja shorumu na kompyuta yake ya mkononi, akazunguka gari, akapiga picha, jioni nikaletewa ripoti ndefu yenye alama za tiki za kijani. Zulia: zuri. Redio: inafanya kazi. Rangi: ya kiwandani. Hapo kwenye rangi ndipo nilipoghadhibika. Kipimo alichokuwa nacho ni cha sumaku, na 360 ina bodi na chasisi ya alumini. Ndiyo gari ya Ferrari iliyofungua njia hiyo, wakiitengeneza pamoja na Alcoa ya Marekani. Sumaku haishiki alumini. Kile kipimo hakikusoma chochote, na yeye kutosomeka akakuandika kuwa ni usalama. Klachi hakuisoma, kwa sababu kifaa chake hakizungumzi na kompyuta ya giaboksi ya gari hii. Kuhusu mikanda ya taimingi (ile inayoendesha valvu za injini kwa wakati wake) alinakili tu alichoambiwa na muuzaji.

Kwa hivyo nikaomba gari ipelekwe Al Quoz, kwa gharama yangu. Muuzaji alinuna kidogo, akakubali. (Akikataa, ondoka. Huhitaji ripoti tena.) Gereji walinitoza dirhamu 2,200, na gari ilikaa kwao siku nzima. Bahati yangu, fundi aliyeishika ni kijana wa Tanga, basi tukazungumza kwa raha na nikawa kila saa juu ya kichwa chake.

Alianza na kitu ambacho sikukitegemea. Alifungua mlango wa dereva, hakuingia, akainamisha kichwa na kusikiliza. Kwenye gari hizi ukifungua mlango, pampu ya F1 inaamka na kujaza presha ya giaboksi. Inanguruma kidogo halafu inanyamaza. Akaufunga, akasubiri, akaufungua tena. Baadaye, injini inawaka, alibadilisha gia moja moja huku akiihesabu pampu. Ikiamka kila unapobadilisha gia, kile kitungi kinachohifadhi presha kimechoka, na pampu inayofanya kazi mfululizo haidumu. Hii yetu ilikuwa nzima.

Kisha akaihoji mita. Kiti cha dereva, ile kingo ya kushoto unayoisugua ukiingia: ngozi ilikuwa na mikunjo, lakini haikuchubuka. Ngozi ya usukani haikung'aa pale mikono inaposhika. Diski za breki alizipitishia ukucha kwenye ukingo, akanipa na mimi nijaribu. Ngazi inayoachwa na kuliwa kwa diski ilikuwa ndogo mno. Pua ya gari ilikuwa na vidoa vya mawe, vichache, na rangi yake ilikuwa ileile. Hilo la vidoa lilinipa moyo: pua safi kama kioo kwenye gari ya zamani maana yake mtu ameipaka rangi, na inabidi uulize kwa nini. Kipimo chake cha rangi ni cha kusoma alumini, na vipande vyote vilikaribiana isipokuwa ubavu mmoja wa nyuma, ambao ulipakwa zamani bila ya kuwekwa puti chini. Tarehe zilizoshonwa kwenye mikanda ya viti ziliendana na umri wa gari. Kitabu cha sevisi kilikuwa na mihuri ya wakala mpaka 2010, na kila muhuri ulionyesha kilomita zikipanda polepole. Akanambia: "Mzee wangu, kilomita ni za kweli. Sasa tutazame miaka."

Miaka ndiyo iliyokuwa na maneno.

Matairi kwanza, kwa kuwa ni rahisi na unaweza kufanya mwenyewe. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Yetu yalisomeka 2211, maana yake wiki ya 22 ya 2011. Meno yamejaa, mtu angesema mapya. Ukikunja macho unaona nyufa nyembamba kama nywele baina ya meno. Gari yenye uwezo wa kukaribia kilomita 300 kwa saa, juu ya matairi ya zaidi ya miaka kumi, katika lami ya Julai ya huku kwetu! Haya siyo ya kujadili, ni ya kutupa.

Halafu mikanda ya taimingi. Hapa lazima nieleze kidogo. Kwenye F355, iliyoitangulia hii, kubadilisha mikanda ni kuishusha injini nzima, na bili yake ilikuwa ikiwafanya watu wauze gari. Kwenye 360 Ferrari waliweka bamba nyuma ya viti: unatoa viti na zulia, unafungua bamba, mikanda ile pale. Desturi ni kuibadilisha kila baada ya miaka mitatu hivi, uendeshe usiendeshe. Ikikatika, pistoni zinagongana na valvu, na injini hii ina valvu 40. Muuzaji alikuwa na risiti ya mwaka 2021 kutoka gereji ya mtaani: mikanda imebadilishwa, imelipiwa, ina muhuri.

Kijana akatoa viti, akainua zulia, akamulika tochi kwenye boliti za lile bamba. "Hebu njoo uone mwenyewe." Nikainama. Vichwa vya boliti vilikuwa na rangi yake, havina hata mkwaruzo wa spana. Kwenye ukingo wa bamba palikuwa na mstari wa vumbi ulioshikana na mpira wa kuzibia, haukukatika popote. Mtu angelifungua, angeukata. Nikamwambia labda waliishusha injini. Akaipandisha gari kwenye lifti tukatazama boliti zinazoshika fremu ya nyuma: vivyo hivyo, alama za kiwandani ziko pale pale. Mikanda iliyomo ndani ilikuwa ileile ya kiwandani. Kilomita chache zilikuwa zimempa mtu kisingizio cha kutoigusa.

Klachi ilikuwa funzo la peke yake. Kifaa chao kinasoma kiasi kilicholiwa, na kikaandika asilimia 58. Kwa kilomita 11,000! Mimi nilidhani ni kosa. Fundi akasema hapana, ndivyo zinavyokuwa gari za maonyesho: inatoka barazani kwa kinyumenyume kupanda kijilima cha geti, inatambaa kwenye foleni ya Jumeirah, inarudi. Klachi ya F1 inaliwa zaidi kwenye mwendo wa kutambaa na kurudi nyuma kuliko kwenye barabara kuu. Akanionya vilevile kuwa namba hiyo inategemea thamani ambayo fundi aliingiza klachi ilipokuwa mpya. Akiikosea, namba inadanganya milele. Hii ilikuwa klachi ya kiwandani, haijaguswa, kwa hivyo aliiamini.

Injini yenyewe ilinifurahisha. Walipima kompresheni, kisha wakaingiza upepo kwenye kila silinda kuona unavuja kiasi gani, na silinda zote nane zilikaribiana. Mabomba ya egzosi, ambayo kwenye 360 hupasuka ndani ya kifuniko chake bila ya kuonekana, waliyasikiliza injini ikiwa baridi na hawakusikia mlio wa tiki tiki. Vitufe vya dashibodi vilikuwa vinanata kama vimepakwa asali, ugonjwa wa Ferrari zote za miaka hiyo, na joto la Ghuba linauzidisha. Ngozi ya dashibodi imeanza kujikunyata karibu na kioo.

Tulitafuta pia maji. Baada ya mvua ya tarehe 16 Aprili 2024 iliyoizamisha Dubai, mimi sinunui gari ya huko bila ya kuinua zulia, na sisi wa Maskati tuliijua kazi hiyo tangu kimbunga cha Gonu cha 2007. Reli za viti hazikuwa na tope, soketi za nyaya chini ya dashibodi zilikuwa kavu na hazina kutu ya kijani. Alhamdulillahi.

Orodha ya gereji ilifika dirhamu 46,000: mikanda na rola zake, matairi, klachi kwa tahadhari, mipira ya maji ya rejeta, vitufe, mafuta yote. Niliipeleka kwa muuzaji pamoja na picha za boliti zile. Kuhusu risiti alisema alipewa na mwenye gari, akaishia hapo. Tulizungumza sana, chai ikaletwa mara nyingi, tukafunga kwenye 268,000.

Sasa upande ambao ukaguzi haukuuona, maana hata wazuri wana mipaka. Gari ilipoanza kutembea kweli, baada ya kulala miaka, sili zilizokauka zilianza kulia: oili kidogo kwenye kifuniko cha kamshafti, halafu usukani ukaanza kutoa jasho la mafuta yake. Boljointi za mbele (viungo vya magurudumu) zinalia kama mlango wa zamani nikipita tuta. Gereji walinambia mapema kwamba haya hayaonekani kwenye gari iliyosimama na kwamba nitenge pesa ya mwaka wa kwanza, basi siwezi kuwalaumu. Nawapunguzia alama kwa kitu kimoja: waliiendesha kwa muda mfupi mno, ndani ya Al Quoz tu. Dakika arubaini kwenye barabara kuu zingetoa angalau kilio cha boljointi.

Ndugu zangu wa Mombasa mnaoniuliza kama mnaweza kuagiza moja kutoka huku: usukani uko kushoto, na Kenya haikubali hivyo, wala haikubali gari ya zaidi ya miaka minane. Hii ni starehe ya Ghuba.

Na kwa anayeuliza kama ni bora aongeze pesa achukue F430, iliyoifuata hii: mikanda utaiepuka, kwa sababu injini yake inatumia minyororo. Mabomba yake ya egzosi hayana nafuu kuliko haya, na vikatalisti vyake vya mwanzo (vichujio vya moshi vilivyo karibu na injini) vikivunjika, vipande vinaweza kuvutwa kurudi kwenye silinda. Pampu na klachi ni hadithi ileile. Mwambie fundi aanze kwa kufungua mlango.