Uchambuzi wa Wingspan: ndege 170 na mikono iliyowachora

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sitaanza na sheria wala na pointi. Nataka kwanza mwangalie kadi hii moja. Naisogeza karibu na kamera, ngojeni picha itulie… hapo. Mnamwona? Ni bundi, yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo. Wengi wetu tumekua tukimsikia analia juu ya paa usiku, tunajivutia shuka hadi kichwani. Sasa tazameni manyoya. Unyoya mmoja mmoja umefuatwa kwa mkono, mstari mwembamba juu ya mstari mwembamba, kivuli kimekolezwa polepole. Na nyuma yake hakuna kitu. Hakuna mti, hakuna mwezi, hakuna ghala. Ni yeye na weupe wa kadi, basi.

Huo weupe ndio nimeuandalia video nzima ya leo.

Huu ni mchezo wa mezani unaoitwa Wingspan, yaani upana wa mabawa. Ulitoka mwaka 2019, umechapishwa na Stonemaier Games ya St. Louis, Marekani. Aliyeubuni ni Elizabeth Hargrave, mama anayependa kwenda kutazama ndege, na huu ndio mchezo wake wa kwanza kuchapishwa. Wanacheza mtu 1 hadi 5, na ukishauzoea unamaliza ndani ya saa moja na ushei. Mwaka huohuo ulichukua Kennerspiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani kwa michezo inayohitaji akili iliyokwisha kuzoea meza. Wangu nimeununua kwa pesa yangu, sikutumiwa na mtu, na nimeucheza miezi mingi kabla ya kuwasha kamera hii.

Sasa majina ya watu wa michoro, maana hawa huwa hawatajwi. Ndege wamechorwa na wanawake wawili, Natalia Rojas na Ana Maria Martinez Jaramillo. Mandhari, yaani msitu na nyika na maji mnayoyaona kwenye ubao wa kila mchezaji, ni kazi ya Beth Sobel. Na aliyepanga kadi, alama ikae wapi, namba ikae wapi, maandishi yawe na ukubwa gani, ni Christine Santana. Naomba mkumbuke kwamba kuchora na kupanga ni kazi mbili. Mchoraji anakupa ndege. Mpangaji anakupa njia ya kumtumia huyo ndege mezani bila kuuliza kila dakika. Kwenye michezo mingi niliyowahi kuifungua, hawa wawili wanagombania karatasi: picha imejaa mapango na moshi, halafu juu yake zimebandikwa alama, na alama zenyewe zimewekewa fremu za dhahabu. Jicho halijui litue wapi.

Hapa kila mmoja amemwachia mwenzake nafasi yake. Tuiangalie kadi vizuri.

Juu kushoto kuna makazi ya ndege: msitu, nyika, au ardhi oevu. Chini yake kidogo kuna chakula anachodai ili umweke mezani. Vyakula ni vitano. Mdudu ni wa kijani, mbegu ni njano, tunda ni jekundu, samaki ni buluu, panya ni kijivu. Lakini hawakutegemea rangi peke yake. Kila chakula kina rangi yake na umbo lake, kwa hiyo mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani bado anaona cheri na anaona kiwavi. Alama hizohizo zimo kwenye vile vidude vya chakula vya kadibodi, na zimo kwenye dadu za mbao. Ukijifunza alama mara moja, umejifunza kila mahali.

Ukishuka upande wa kushoto unakuta pointi zake, aina ya kiota chake, na vijiyai vinavyokuonyesha kiota kinabeba mayai mangapi. Halafu upana wa mabawa kwa sentimita. Hiyo namba nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni pambo. Sivyo. Ukichukua kadi ya yule ndege mdogo wa Marekani anayefyonza maua, anayefanana na chozi wetu, amejaa kwenye kadi kama alivyojaa tai. Mchoraji amewapa wote nafasi sawa ili uwaone vizuri. Lakini ndege mdogo huyo mabawa yake hayafiki sentimita 12, na tai mwenye kichwa cheupe anakaribia mita 2. Kitu ambacho picha haiwezi kukuambia, namba ndogo pembeni inakuambia. Na mchezo unaitumia: baadhi ya ndege wawindaji wanavuta kadi kutoka kwenye rundo, na kama mabawa ya aliyetokea ni mafupi kuliko kipimo kilichoandikwa, analiwa. Bundi wetu huyu ni mmoja wa wawindaji hao.

Chini kuna utepe wenye maandishi ya uwezo wa ndege. Rangi ya utepe inakuambia ni lini. Kahawia, uwezo unafanya kazi kila unapoutumia mstari wake. Pinki, unafanya kazi wakati wa zamu ya mwenzako. Usipokuwa na rangi, unafanya kazi mara moja tu, pale unapomweka mezani. Baada ya raundi moja unatupa jicho kwenye ubao wako na unajua, wa kahawia wako watatu, wa pinki mmoja, hata hujasoma neno.

Na chini zaidi, kwa herufi ndogo, kuna habari ya kweli kuhusu ndege huyo, na kiramani kinachoonyesha mabara anakoishi. Haina pointi. Haikusaidii kushinda. Iko kwa sababu waliotengeneza mchezo huu wanawajali ndege, na mimi nimeshasimamisha mchezo mara nyingi ili tuisome kwa sauti.

Sasa ubao. Hapa ndipo nilipovua kofia. Kila mchezaji ana ubao wenye mistari mitatu: juu msitu, katikati nyika, chini maji. Kila mstari una nafasi tano za kadi. Mandhari ya Beth Sobel ni mepesi, kama rangi za maji zilizokaribia kukauka, kijani kisichopiga kelele. Yangekolezwa zaidi kidogo tu, alama zingezama.

Kwenye kila nafasi tupu pameandikwa unachopata ukichagua mstari huo. Msituni unapata chakula, nyikani unapata mayai, kwenye maji unapata kadi. Nafasi ya kwanza inatoa kidogo, ya mbele yake inatoa zaidi. Unapomweka ndege, kadi yake inafunika ile nafasi ya kidogo, na macho yako yanakutana na inayofuata, yenye zaidi. Angalieni nikifanya. Nyika ikiwa tupu: mayai mawili. Naweka ndege wa kwanza, naweka wa pili. Sasa pameonekana mayai matatu. Sikukokotoa kitu, sikukumbuka kitu, kadi yenyewe imefuta lililopitwa na wakati. Halafu kichemraba changu, kile cha kuonyesha mstari niliouchagua kwa zamu hii, nakiweka kwenye nafasi iliyo wazi na nakirudisha kushoto, kinapita kwa ndege mmoja mmoja, kila wa kahawia anafanya kazi yake. Unakisukuma kwa kidole kama mtu anayepita kusalimia nyumba za mtaani. Huu ni mpango wa michoro unaofanya kazi ya kitabu cha sheria.

Bao letu linalijua jambo hili tangu zamani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na shimo la nyumba fundi hulichonga mraba wakati mengine ni ya duara. Hakuna maandishi. Mtoto akilitazama tu anajua hapa pana jambo, hapa hapachezewi ovyo. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema michoro ya mchezo ni urembo tu, moyo unaniuma.

Nimewahi kuucheza na shangazi yangu, Tanga, jioni, kwenye mkeka barazani. Shangazi hasomi Kiingereza, na kadi zangu ni za Kiingereza. Nilimweleza alama kwa Kiswahili, vyakula, viota, mayai. Raundi ya pili alikuwa analipa chakula mwenyewe, anahesabu nafasi za mayai mwenyewe, ananikumbusha mimi kuwa nafasi ya nne inadai mayai mawili. Alama zilimfikisha hapo. Ule utepe wa chini ndio ulimkwamisha: kila akipata ndege mpya ananinyooshea kadi, "Hapa pameandikwaje, mwanangu?" Na alipotoka bundi, akaifunika ile kadi kifudifudi na kusema huyu asikae humu ndani magharibi yote hii. Nikaiweka chini ya boksi. Baada ya zamu kama tatu akaniomba amwone tena. Akamshika karibu na taa, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ana uso mzuri."

Mimi nadhani ule weupe ndio uliomsaidia. Bundi huyu angechorwa na usiku nyuma yake, na makaburi, na macho ya kutisha, angebaki ni ile hofu ileile. Amechorwa kama anavyochorwa kwenye vitabu vya kutambulisha ndege: huyu hapa, mtazame, ndivyo alivyo.

Vitu vya kushika mkononi nitapita haraka. Mayai 75, madogo, ya rangi zilizopauka, laini, yana uzito wa kupendeza kiganjani. Rangi zake hazina maana yoyote kwenye sheria, chukua unayoipenda. Lakini yanafanana mno na peremende, kwa hiyo kama nyumbani kuna mtoto mdogo anayetambaa, hesabu mayai kabla ya kufunga boksi. Dadu tano unazirusha ndani ya mnara wa kadibodi ulioumbwa kama kibanda cha kulishia ndege. Unatumbukiza kwa juu, zinaporomoka kwenye trei. Watoto wanagombania kuzitumbukiza.

Lawama ninazo, na nazisema kwa sababu mchezo huu naupenda. Ya kwanza, maandishi ni madogo. Utepe wa uwezo unasomeka ukiwa umeishika kadi, lakini kadi ya mwenzako upande wa pili wa meza huisomi. Ile habari ya chini kabisa ndiyo ndogo zaidi. Umeme ukikatika mkabaki na taa ya chemli, hamuisomi kabisa. Weupe wote ule umebaki kuzunguka ndege, na kidogo tu kingetosha kuzikuza herufi. Ya pili, viota. Kiota cha bakuli na kile cha chini ardhini, ukiviangalia kwa mbali vinachanganya, na wachezaji wapya wanaviuliza kila mara. Halafu kuna alama ya nyota, inayomaanisha kiota hiki kinahesabika kuwa cha aina yoyote. Viota vingine vyote ni picha ya kiota, ghafla unakutana na nyota. Shangazi alidhani ni pointi za ziada, na sikuweza kumlaumu.

Ya tatu ni ya matarajio zaidi kuliko kosa. Ndege wa boksi la msingi ni wa Amerika ya Kaskazini. Jalada lenyewe lina ndege wa huko mwenye mkia mrefu uliogawanyika kama mkasi. Wapo tunaoshirikiana, kama bundi huyu na mbayuwayu, lakini msifungue boksi mkitafuta hondohondo au korongo taji. Maboksi ya nyongeza yameshakwenda Ulaya, Oceania na Asia. La Ulaya limeongeza ndege 81 na rangi mpya ya utepe, ya buluu-kijani, kwa uwezo unaofanya kazi mwisho wa raundi, na imeingia bila kuvuruga zile za mwanzo. Mpango ukiwa imara tangu siku ya kwanza, unaweza kuongezewa chumba.

Je, ununue? Kama unatafuta mchezo wa kushambuliana na kupiga kelele, huu sio, kila mtu hapa anashughulika zaidi na ubao wake. Kama wewe ni mchoraji, au unasomea usanifu wa michoro, au una ndoto ya kutengeneza mchezo wa kwako wa mezani, ninakuambia tafuta hata wa kuazima. Chukua kadi moja, funika picha kwa kidole gumba, uone kama bado unaweza kuicheza. Halafu funika alama zote, uone kama bado unataka kuitazama. Mimi nimefanya hivyo kwa kadi nyingi kati ya hizi 170, na sijakutana na iliyonishinda.

Kwenye video ijayo naweka mezani zile za ardhi oevu, moja moja, kwa mwanga wa mchana, ili muone jinsi walivyochora miguu ya korongo. Njooni na ndugu mmoja anayependa kuchora.