Pweza wa chupa au wa trei la mayai?

Kila likizo, watoto wakitaka kutengeneza pweza wa kuchezea, wazazi wa Dar tunaulizana hili. Gharama isikusumbue: muuza chipsi mayai wa mtaani ana trei za karatasi tele, na chupa za maji zimejaa nyumbani. Trei hukatwa kwa mkasi mdogo na hushika rangi ya maji vizuri mno. Kikombe kimoja cha trei ukikigeuza ni kichwa tayari, mikono 8 ni uzi tu uliopenyezwa kwenye vitobo. Ila unyevu wa masika huilegeza trei. Chupa inadumu hata kwenye beseni la kuogea, lakini akate mkubwa, kingo zizibwe kwa solotepu, ipambwe kwa maka peni. Mtoto wa miaka 4 mpe trei. Wa 9 anayependa kuchezea maji, chupa.