Vifuko viwili vya taya: kimoja cha jino, kingine cha ukoo

Mtu akitoka Arua mpaka Kampala na picha ya eksirei mkononi, haoni zaidi ya doa jeusi kwenye taya, pembeni mwa gego la mwisho lililokwama. Doa hilo laweza kuwa moja kati ya mawili.

La kwanza ni kifuko kinachozunguka kichwa cha jino lisilochomoza. Ukikivuta kwa sindano, hutoka maji ya manjano. Jino likitolewa pamoja na ngozi ya kifuko, kwa kawaida mambo huishia hapo. Vikiwa vingi kwa mtoto mmoja, ndipo daktari hufikiria magonjwa ya kurithi kama mukopolisakaridosisi, ambapo mwili hushindwa kuvunja aina fulani za sukari.

La pili, kifuko kiitwacho keratosisti, ni jeuri zaidi. Ndani mna uji mweupe mzito kama jibini, na hutambaa ndani ya mfupa bila kuvimbisha shavu, kwa hiyo wengi hugundua wamechelewa. Hurudi baada ya upasuaji, hivyo mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani (WHO) lililiita uvimbe (tumor), 2017 likalirudisha kwenye kundi la vifuko.

Kijana mwenye keratosisti kadhaa achunguzwe sindromu ya Gorlin, ugonjwa wa kurithi uletao pia saratani ya ngozi, unaotokana mara nyingi na hitilafu ya jeni ya PTCH1. Tazama viganja: vishimo vidogo kama vya ncha ya pini. Sisi wenye ngozi nyeusi hupata saratani hiyo kwa nadra, basi taya ndiyo huweza kutangulia kusema. Mzazi mwenye hitilafu hiyo humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa 50%.