Mabegi laini ya pikipiki: begi limefaulu, mikanda imefeli

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo niko Mikindani hapa, Mtwara, na huo mnaousikia kwenye maiki ni upepo wa bahari, mtanivumilia. Wengi mmeniuliza kuhusu haya mabegi laini ya pikipiki, yale mawili ya kuning'inia kushoto na kulia pamoja na lile refu la kulaza nyuma juu ya keria. Mnataka kujua kama yanafaa safari za huku kwetu Kusini au ni ya kupigia picha tu. Nimeyatumia kiangazi na masika, kwenye lami na kwenye mchanga, na jibu nalitoa mapema ili mwenye bando dogo asihangaike. Begi lenyewe ni zuri sana. Mikanda iliyokuja nayo ni ya kutupa.

Tuanze na begi. Mpwa wangu, sogeza kamera hapa kwenye mshono. Mnaona? Hakuna uzi. Hiki ni kitambaa cha polyesta kilichopakwa PVC, na vipande vyake vimeunganishwa kwa moto, havikushonwa. Maana yake hakuna matundu ya sindano ya kupitisha maji. Na mdomo hauna zipu, unaukunja. Hilo la zipu lishikeni. Vumbi la juu huko Newala na Tandahimba, kwenye vipande ambavyo lami haijafika, ni laini kiasi kwamba linaingia hadi ndani ya saa. Likikaa kwenye meno ya zipu, unavuta mara moja inakwama, unavuta kwa nguvu inaachia meno, na hapo una begi lenye mdomo wazi mpaka ufike kwa fundi. Mdomo wa kukunja hauna cha kukwama.

Ila kukunja kuna kanuni yake. Kunja mara tatu, isipungue. Watu wanajaza begi mpaka pomoni, wanakunja mara moja, wanabana bizimu, halafu mvua ikiwanyeshea wanalaumu begi. Nitawaonyesha kipimo. Nalifunga likiwa tupu, nabakiza hewa ndani kwa makusudi, nakunja mara tatu, nabana. Sasa nalikalia. Sogea na maiki. Mmesikia? Kimya. Nafungua, nakunja mara moja tu, nalikalia tena... huo mluzi hapo kwenye kona ndio njia ya maji. Hewa inapotokea, maji yatapita. Begi lolote unalotaka kununua dukani lifanyie hivi hivi mbele ya muuzaji. Akikataa, acha hapo.

Na mvua zetu mnazijua. Mei 2024, kipindi cha Kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ilikatika upande wa Kilwa na watu wakakwama. Mtu wa pikipiki akikwama hivyo hana kioo cha kupandisha, anakaa na mvua yake. Kwa hiyo nguo kavu siyo anasa.

Kwa nini begi laini na siyo sanduku la bati la kuchomelea? Mafundi wetu wanaweza kuchomelea sanduku zuri tu, wala sibishi. Shida yangu ni mchanga. Kwenye mchanga huanguki kwa kasi, unaanguka taratibu, pikipiki inakulalia upande na mguu unabaki chini. Ukiwa na sanduku, ule ukingo wa bati ndio unaokutana na mfupa. Begi laini linabonyea. Pia ni jepesi, na ukifika gesti unalitupia begani unaingia nalo chumbani. Ubaya wake ni mmoja na hauna dawa: wembe wa mwizi. Sanduku lina kufuli, begi halina. Ukisimama kula pweza ufukweni, kaa mahali unapoliona.

Sasa twende kwenye mikanda, maana video hii nimeifanya kwa ajili yake.

Hii ndiyo iliyokuja na begi. Upana wake ni kama kidole, na bizimu ni ya plastiki. Mpwa, lete karibu zaidi. Tazameni meno ya hii bizimu: yamelainika, na mkanda umeanza kuota manyoya palepale meno yanapouma. Hiyo ni dalili kwamba mkanda ulikuwa unateleza kidogo kidogo kila tuta. Na njia ya kutoka Mtwara kwenda Lindi, kila kijiji kina matuta yake. Kila tuta begi linaruka, linashuka, linavuta mkanda milimita moja. Ukifika Mingoyo limeshaanza kucheza. Ukiendelea bila kusimama linaanza kuinamia upande, na mkia wa mkanda unaning'inia karibu na gurudumu la nyuma.

Hapo kwenye mkia simung'unyi maneno. Mkia wa mkanda ukishikwa na cheni au ukazungushwa kwenye haba ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, gurudumu linafunga. Hakuna breki ya taratibu hapo, linafunga tu, ukiwa mwendo wowote ule. Mkia ukizidi urefu wa kiganja, ukunje, uchomeke chini ya mkanda wenyewe, kisha uufunge na kipande cha mpira. Kama ni mrefu mno, kata, na uchome ncha kwa kiberiti isichambuke.

Mikanda niliyoweka badala yake ni hii yenye bizimu ya chuma ya kubana kwa kidole gumba. Siyo ile ya rachet ya kufungia mizigo ya lori. Ile ina nguvu kupita kiasi kwa kazi hii, ukivuta meno mawili zaidi unaweza kupinda keria au kupasua begi. Hii unavuta kwa mkono, inauma, basi. Na kama mnaweza kuchagua, chukueni mkanda wa polyesta kuliko wa nailoni. Nailoni ikinywa maji inavutika, kwa hiyo mzigo ulioukaza asubuhi pakavu utaukuta umelegea baada ya mvua. Halafu kuna kijanja kidogo: mkanda unaopita hewani, usongoe nusu mzunguko kabla ya kukaza. Ukiwa bapa upepo unaupigapiga, unavuma njia nzima na unajilegeza wenyewe. Ukisongoka unanyamaza.

Najua mnachotaka kusema. Mnataka kusema, kaka, mbona bodaboda wanabeba magunia ya korosho kwa mipira ya tyubu na hayadondoki? Swali zuri sana, na wala mimi sidharau mpira wa tyubu. Ukimtazama kijana wa Tandahimba anavyofunga gunia msimu wa korosho unapoanza, Oktoba hivi, kuna akili pale. Korosho ndani ya gunia zinashuka. Kadiri njia inavyotikisa, zinajipanga, na gunia linapungua unene. Mkanda usiovutika ungebaki umelegea baada ya kilomita chache. Mpira unafuata: gunia likinywea, mpira nao unajivuta, unaendelea kubana. Isitoshe hautelezi, unang'ang'ania gunia na keria kwa pamoja.

Lakini mpira huohuo unaofuata mzigo ukinywea, unaufuata pia ukiruka. Kwenye tuta begi linanyanyuka, mpira unanyooka, begi linarudi. Kwenye kona linaegemea nje. Kwa gunia la kutoka shamba hadi ghala la chama cha msingi, mwendo mdogo, haina neno. Kwa safari ya Mtwara hadi Kilwa, kwenye lami, mwendo wa themanini, lile bembea ndilo linalofanya usukani uanze kutikisika. Na jua linaula mpira, siku moja unaukaza unakukatikia mkononi. Ile mipira ya dukani yenye kulabu mbili ni mibaya zaidi, kwa sababu kulabu ikichomoka inarudi usoni kwako. Mimi siiweki hata bure.

Kwa hiyo nafanya hivi. Mikanda miwili ya bizimu inashika begi lisiende popote. Juu yake napitisha mpira mmoja wa tyubu, mpana, wa kula ule ulegevu unaojitokeza nguo zikishajipanga ndani. Mkanda unazuia, mpira unafuatilia. Na ile mikanda miwili isitegemeane, kila mmoja na ncha zake, ili mmoja ukikatika begi libaki limeshikwa na wa pili mpaka usimame.

Sasa unafunga wapi? Siyo kwenye indiketa, siyo kwenye kibao cha namba, siyo kwenye madigadi ya plastiki. Nimeona mtu amefunga kwenye indiketa, inavunjika na mzigo unaondoka nayo. Mimi nilimwambia fundi wa kuchomelea anipachike pete nne za nondo ya milimita 8 kwenye keria, mbili mbele karibu na siti, mbili nyuma. Kazi ya muda mfupi. Mwambie tu asichomelee betri ikiwa imeunganishwa.

Zile pete nne zina sababu. Mkanda unaopita wima juu ya begi unazuia lisiruke, lakini hauzuii lisiende mbele na nyuma. Ukipiga breki linakusukuma mgongoni. Ukipanda kilima cha Newala linateleza kurudi nyuma, na likishavuka ekseli ya nyuma linafanya kazi ya kunyanyua tairi la mbele. Usukani unakuwa mwepesi, pikipiki inakataa kukata kona. Ukifunga kwa kukatiza, pete ya mbele kushoto kwenda ya nyuma kulia na kinyume chake, begi linavutwa pande zote kwa wakati mmoja. Lishike, litikise. Pikipiki nzima itikisike, siyo begi peke yake.

Upande wa ekzosi, jamani. Nailoni huyeyuka ikishavuka nyuzi joto 200 na kitu, na bomba la ekzosi karibu na injini linafika huko bila shida. PVC ndiyo dhaifu zaidi, inaanza kulainika hata kabla ya joto la maji kuchemka. Acha nafasi ya ngumi nzima kati ya begi na bomba, na uipime ukiwa umekaa wewe na mzigo wote umepakia, maana shokapu zikizama nafasi inapungua. Kwenye Boxer yangu ekzosi iko kulia, kwa hiyo begi la kulia nimelipandisha kidogo na chini yake fundi ameweka kipande cha bati. Angalia pia kiki inazunguka bila kugusa begi.

Kupakia sitachelewa. Vizito chini na mbele, karibu na mguu wako: spana, tyubu ya akiba, pampu, maji. Nguo nyuma, juu. Mabegi ya pembeni yalingane uzito, na kama huna mzani, nenda sokoni kwa muuza samaki mwenye mzani wa ndoano, mwambie, "Shikamoo mzee, naomba unipimie hili begi langu." Atacheka, atakupimia. Leseni, kadi ya pikipiki na bima vikae mwilini, usije ukafungua mzigo mzima mbele ya trafiki. Koti la mvua juu kabisa, nje ya begi, chini ya ule mpira wa tyubu. Upepo wa tairi la nyuma ongeza kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza ukiwa na abiria.

Bakiza nafasi. Hakuna mtu anayetoka Mtwara bila korosho za nyumbani, na shangazi akikufungia ng'onda, samaki wakavu, utakataa? Hutakataa. Sasa begi lisilopitisha maji halipitishi hata harufu, inabaki ndani na mashati yako mpaka Dar. Ng'onda ipate mfuko wake, ifungwe nje.

Na kaza upya. Ukitoka Mtwara simama Mikindani hapahapa, dakika mbili, kaza. Dakika za kwanza ndipo mzigo unapolegea kuliko wakati wote. Kisha Mingoyo, kabla hujachagua kwenda Lindi au kukata kuelekea Masasi, kaza tena.

Bei sitaji, kila duka lina yake na Kariakoo siyo Mtwara. Lakini ukipiga hesabu, weka pembeni hela ya mikanda miwili mizuri na ya fundi wa pete kabla hujalipia begi. Kama hela haitoshi vyote, nunua mikanda na pete kwanza, nguo zako zitie kwenye mfuko wa nailoni ndani ya salfeti imara, ufunge vilevile nilivyoonyesha. Utafika. Begi zuri juu ya mikanda mibovu, hilo sikuahidi.

Wenye pikipiki zenye ekzosi ya juu, inayopita karibu na siti, ninyi kwenu begi la kulia ni habari nyingine kabisa, na bado natafuta namna ya kuliweka salama. Aliyefanikiwa aandike hapo chini na picha atutumie, nitaijaribu.