Kununua gemu ukiwa Afrika Mashariki: njia saba, kuanzia ya nafuu hadi ya kuikimbia

Ukifungua Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, ukiwa Nairobi, Dar, Kampala au Bukavu, bei unayoiona ni ya dola za Marekani, na ni ile ile anayoiona mkazi wa Texas. Afrika Kusini ina bei zake za randi. Sisi wengine huku hatuna bei ya kwetu. Gemu jipya la dola 69.99 ni kama shilingi 9,100 za Kenya au 182,000 za Tanzania. Hapa tumeshika dola moja kwa shilingi 130 za Kenya na 2,600 za Tanzania. Wewe piga hesabu kwa bei ya siku unayonunua.

Wengi wakishaligundua hilo huanza kutafuta mlango wa Uturuki au wa Argentina, ambako bei zilikuwa chini sana. Umechelewa. Oktoba 2022 Valve, wenye Steam, walibadilisha bei wanazowapendekezea watengenezaji, na za nchi hizo mbili zikapanda kwa zaidi ya asilimia 400. Tarehe 20 Novemba 2023 wakaiondoa kabisa lira na peso, nchi hizo zikaanza kulipa kwa dola. Bei zao bado zina unafuu kwa baadhi ya magemu, ila si ule wa zamani uliowafanya watu wahame nchi kwenye mtandao.

Kwa hiyo mpangilio huu unaangalia mambo matatu tu: jumla ya shilingi zitakazokutoka, uwezekano wa kurudishiwa pesa, na uwezekano wa kuamka siku moja ukakuta gemu halipo.

1. Steam kwa akaunti ya nchi yako, wakati wa ofa

Mwenye kompyuta aanzie hapa, na wengi hawana haja ya kwenda mbele zaidi. Bei ya kwanza ni kubwa, lakini hushuka. Ofa kubwa za Steam ni nne kwa mwaka: Machi, mwisho wa Juni, vuli na Desemba. Huanza saa 2 usiku kwa saa zetu, au saa 3 usiku majira ya baridi ya Marekani yanapoingia. Gemu likishatoka kwenye punguzo, kwa kawaida haliwezi kupunguzwa tena mpaka siku 30 zipite, isipokuwa ofa hizo nne zikifika kabla. Ukiikosa ya wiki hii, usikae ukiisubiri ya wiki ijayo.

Kabla ya kulipa, lifungue gemu hilo kwenye tovuti ya SteamDB. Kuna jedwali la bei kwa kila sarafu. Msitari wako ni ule wa dola ya Marekani, si wa randi. Utaona bei ya leo na bei ya chini kabisa iliyowahi kufikiwa. Kama leo ni dola 29.99 na Desemba lilifika 14.99, tofauti ni karibu shilingi 1,950 za Kenya. Ni uamuzi wako kama una haraka ya kiasi hicho.

Kinachowatoa watu pesa bila kujua ni ubadilishaji wa fedha. Benki na kadi za mtandaoni za pesa za simu, kama M-PESA GlobalPay ya Kenya, haziuzi dola kwa bei unayoiona kwenye habari. Kipimo ni rahisi: chukua shilingi zilizokatwa, gawanya kwa dola ulizolipa. Ukikatwa 9,400 kwa gemu la 69.99, umeuziwa dola kwa 134.30. Kama sokoni ilikuwa 130, umelipa zaidi ya asilimia 3 juu. Jaribu kadi zako mbili kwa kitu kidogo cha dola 5 kila moja, kisha baki na ile iliyokata kidogo. Kadi ikikataliwa, mara nyingi shida si salio. Ni nchi uliyoandika kwenye anwani kutolingana na ya kadi, au malipo ya mtandaoni ya nje hayajafunguliwa na benki. Acha pia salio la ziada kidogo, kwa sababu kadi iliyojazwa dola 14.99 kamili itagoma makato yakiongezeka.

Faida ya pili ni kurudishiwa pesa: ndani ya siku 14 tangu kununua, kama hujacheza saa 2. Kwa kompyuta zetu za mtumba hili ni jambo kubwa. Pakua, ingia, angalia kama linakwama, na kama linakwama omba pesa yako siku hiyo hiyo. Muda wa kuhangaika na mipangilio ya picha huku gemu limewaka nao unahesabiwa ndani ya zile saa 2.

Kuna pia Steam Families, ambayo huku haitumiki vya kutosha. Watu hadi 6 wa nyumba moja, akaunti zote za nchi moja, wanachangia maktaba. Kaka akinunua gemu, mdogo wake analicheza kwa akaunti yake, ilimradi wasicheze nakala hiyo hiyo kwa wakati mmoja. Angalieni mnamwingiza nani. Anayetoka hawezi kujiunga na familia nyingine mpaka mwaka upite tangu alipoingia ile ya kwanza, na nafasi aliyoiacha nayo haijazwi papo hapo. Mtu akidanganya mtandaoni kwa gemu la mwenzake, mwenye gemu naye anaweza kufungiwa.

Walioko Oman wana hali tofauti: Steam imeiweka nchi hiyo kwenye kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ambalo pia linalipa kwa dola lakini kwa bei ya chini pale mtengenezaji alipoipanga. Ukiishi Muscat kweli na una kadi ya huko, nunua kwa akaunti ya Oman. Ukihamia Unguja, magemu yako unakuja nayo na nchi inabadilika utakapolipa kwa kadi ya Tanzania. Kumtumia zawadi ndugu aliye Dar ni habari nyingine: pale bei za nchi mbili zinapotofautiana sana, Steam huikataa zawadi hiyo.

Na kabla hujalipa chochote, pitia Epic Games Store, duka jingine la magemu ya kompyuta, kila Alhamisi jioni. Hutoa angalau gemu moja bure kila wiki. Ukilichukua ni lako, usipolichukua wiki ikaisha limepita.

2. CD iliyotumika, kwa wenye PlayStation

CD haina habari na nchi ya akaunti yako ili kucheza. Ya Dubai, ya Uingereza na ya Marekani zote zinawaka kwenye PS5 yoyote yenye mdomo wa CD. PS5 Digital na PS5 Pro hazina mdomo huo, na kuongeza kisomeo ni gharama nyingine, juu ya kwamba kisomeo kipya kinahitaji intaneti mara ya kwanza kinapounganishwa.

Uzuri wake ni kwamba unaiuza tena. Ukinunua kwa shilingi 5,500 za Kenya na kuiuza kwa 4,000 baada ya miezi miwili, gemu limekugharimu 1,500, na hakuna duka la mtandaoni litakalokupa hesabu hiyo. Wa mpira awe na kalenda: EA Sports FC mpya hutoka mwisho wa Septemba. Yako ya mwaka huu iuze kabla ya Agosti. Baada ya hapo hata anayeitaka atakupa bei ya kuvunja moyo.

Ukiwa dukani, iwe Luthuli ya Nairobi au Kariakoo ya Dar, usiridhike kuona nembo ya gemu kwenye skrini. PS5 hunakili CD kwenye hifadhi yake, na mengi huanza kucheza kabla unakili haujaisha. CD yenye mkwaruzo hukwama asilimia 70 au 80. Subiri ifike mwisho, au kubaliana kwa maandishi kwamba utairudisha ikikwama. Igeuze kwenye mwanga: mikwaruzo myembamba kutoka katikati kwenda ukingoni haina shida sana, ile ya mviringo inayofuata mzunguko wa CD ndiyo mbaya. Fungua kasha uone CD iko ndani, maana yapo makasha yanayouzwa na karatasi ya msimbo tu, yaani herufi na namba za kulifungulia gemu mtandaoni. Msimbo ukishatumika, umenunua plastiki.

Nchi ya akaunti hurudi kwenye nyongeza. Pointi, wachezaji na ramani za ziada unazinunua kwenye duka la akaunti yako, na lazima ziendane na toleo la CD. Nyuma ya kasha, alama ya ESRB inamaanisha toleo la Marekani, PEGI ni la Ulaya. Akaunti ya Marekani na CD ya PEGI mara nyingi hazielewani. Utalipa, utapakua, na gemu halitaiona nyongeza hiyo.

3. Misimbo kutoka maduka yenye ruhusa

Humble, Fanatical, Green Man Gaming na GamersGate hupata misimbo kwa watengenezaji wenyewe. Kwa gemu jipya mara nyingi wana punguzo dogo hata siku linapotoka, jambo ambalo Steam hufanya kwa nadra. Kabla ya kulipa soma sehemu ya nchi ambako msimbo unafanya kazi, na uhakikishe nchi yako imo. Msimbo huu hauna ile ruhusa ya kurudisha ya Steam. Kama huna uhakika kompyuta inalimudu gemu, rudi namba 1.

4. PlayStation Store kwa kadi za zawadi

Tumeiweka chini kwa sababu Sony, wenye PlayStation, hawaitambui Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda wala Burundi kama nchi za PSN, mtandao wa akaunti za PlayStation. Kila mwenye akaunti huku ameifungua kwa nchi nyingine, yaani yuko nje ya masharti tangu siku ya kwanza. Mei 2024 waliona hata wa kompyuta: Sony walipotaka wachezaji wa gemu la Helldivers 2 kwenye Steam waunganishe akaunti ya PSN, gemu likaondolewa kuuzwa Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Siku chache baadaye waliachana na sharti hilo kufuatia kelele za wachezaji.

Kama utatumia njia hii hata hivyo, chagua nchi kwa makini, kwa sababu haibadiliki baadaye na kadi ya zawadi ya nchi moja haiingii akaunti ya nchi nyingine. Magemu makubwa ya Sony yenyewe kwa PS5 yamekuwa dola 69.99 Marekani na pauni 69.99 Uingereza. Tarakimu ni hizo hizo, ila kwa pauni moja kwa shilingi 170 za Kenya, ya Uingereza ni karibu 11,900, yaani 2,800 zaidi. Bei ya Uingereza ina kodi ndani. Ya Marekani huongezewa kodi katika baadhi ya majimbo, hivyo salio la dola 70 kamili linaweza kugoma. Randi usiidhanie kuwa nafuu kwa kuwa ni ya bara letu. Igeuze kuwa shilingi kwanza.

Kadi ya benki ya huku mara nyingi hukataliwa, kwa hiyo unalipia kadi ya zawadi kwa muuzaji, naye ana faida yake juu. Kadi ya dola 50 ikiuzwa 7,200 badala ya 6,500, umeongeza karibu asilimia 11. Kurudisha pia ni kugumu: siku 14, lakini ukishaanza kupakua ombi lako kwa kawaida halipiti.

5. Masoko ya misimbo ya watu binafsi

Hapa anayekuuzia ni mtu usiyemjua, tovuti ni dalali tu. Msimbo ulionunuliwa kwa kadi ya wizi unaweza kufutwa wiki kadhaa baadaye, na gemu likatoka kwenye maktaba. Kama huna budi, soma lebo ya eneo: ulioandikwa Latam (Amerika ya Kilatini) au Turkey haufunguki Kenya. Angalia pia ukurasa wa mwisho wa malipo, maana ada za huduma huongezwa pale na unafuu wote ukayeyuka.

6. Akaunti ya kushea

Ndiyo zile "PS5 digital 2,000 tu" za Instagram. Muuzaji ananunua gemu mara moja kwa akaunti moja, kisha anaiwasha kwenye mashine za wateja kadhaa. Mwenye akaunti anaweza kuzizima mashine zote kwa mpigo kupitia tovuti, mara moja kila miezi 6, na ndivyo wengi wanavyopigwa: gemu linaonekana na kufuli, muuzaji hapokei simu. Huna risiti ya Sony, na huwezi kuliuza kama CD. Kwa pesa hiyo hiyo CD ya mwaka jana ni mali yako.

7. VPN na akaunti ya nchi ya kubuni kwenye Steam

VPN ni programu ya kukuonesha kama uko nchi nyingine. Masharti yanakataza, nchi hubadilika mara moja tu kila miezi 3, na lazima ulipe kwa njia ya malipo ya nchi hiyo. Utajikuta unamlipa mtu wa kati kwa kadi ya Uturuki huku akaunti yenye magemu yako yote ikiwa rehani.

Mtego mwingine wa bei za nchi uko kwenye mashine yenyewe. Nintendo Switch 2 ilipotoka mwaka 2025 iliuzwa Japani kwa matoleo mawili: ya yen 49,980 na ya yen 69,980. Ile ya bei ya chini ina lugha ya Kijapani peke yake na inakubali akaunti za Japani tu, na duka la Nintendo la Japani lilisimamisha kadi za benki za nje tangu Machi 2025. Muuzaji akikupa Switch 2 kwa bei inayoshangaza, mwambie aiwashe, aingie kwenye mipangilio, na akuoneshe orodha ya lugha. Ukikuta moja tu, mrudishie.