Nilibeba mizigo Nyiragongo, sasa nimesoma kitabu cha Everest

Nilikinunua Birere, hapa Goma, Kongo, kwa mama mmoja anayetandaza vitabu vya mitumba pembeni ya viatu. Alitaka faranga elfu kumi, tukamalizana kwa elfu sita. Jalada limepasuka, gundi imekauka, na karatasi mbili za picha katikati hazimo. Ni Tragédie à l'Everest, tafsiri ya Kifaransa ya Into Thin Air, kitabu alichokitoa Jon Krakauer mwaka 1997. Sikuwa ninamjua. Niliona mlima kwenye jalada nikasema moyoni, hii ilikuwa kazi yangu.

Maana kabla ya mlipuko wa Mei 2021 nilibeba mizigo ya watalii Nyiragongo, ile volkano ya kwetu, karibu miaka miwili, nikitafuta minerval, yaani ada, ya chuo. Tunaanzia Kibati, tunamalizia ukingoni, mita 3,470, na mgongoni una gunia la mtu, maji yake, na makala, yaani mkaa, ya kupikia na kuota usiku, kwa sababu kule juu baridi haina mchezo. Kwa hiyo hiki kitabu nimekisoma na macho ya mbebaji. Msomaji mwingine atakipenda kwa sababu nyingine.

Kisa chenyewe, kwa asiyekijua: Mei 10, 1996, makundi mawili ya wateja wa kulipia yalipanda Everest siku moja, upande wa Nepal. Moja la Rob Hall wa New Zealand, jingine la Scott Fischer wa Marekani. Kwa Hall mteja alilipa hadi dola 65,000. Krakauer alikuwa katika kundi la Hall, ametumwa na jarida la Outside aandike habari za biashara hiyo ya kuwapandisha watu wenye pesa. Jioni dhoruba ikawakuta wakiwa bado juu. Wakafa watu 8: watano wa makundi hayo mawili, Hall na Fischer wenyewe wakiwemo, na Wahindi watatu waliokuwa upande wa Tibet.

Sura za kwanza zinachosha, niseme ukweli. Historia ya mlima, nani aliupima, nani alijaribu mwaka gani. Niliziruka, nikazirudia baadaye wakati wa mvua nikiwa sina la kufanya. Kitabu kinaanza kushika pale saa inapoingia.

Hall alikuwa ameweka sheria: ikifika saa saba, ikichelewa sana saa nane mchana, popote ulipo unageuka, hata kama kilele unakiona. Siku yenyewe kamba hazikuwa zimefungwa juu kama ilivyotakiwa, watu wakapanga foleni penye njia nyembamba, zaidi ya thelathini, kila mmoja anasubiri aliye mbele yake. Wateja watatu wa Hall waliangalia saa zao kabla ya saa sita, wakahesabu, wakaona haitoshi, wakashuka. Wote watatu walibaki hai. Mwandishi hawapi maneno mengi. Mimi ningewapa sura nzima.

Badala yake tunakaa na Doug Hansen, na huyo ndiye aliyenivunja. Mtu wa posta. Alifanya kazi ya posta usiku na ya ujenzi mchana ili apate pesa za safari, na watoto wa shule moja ya kwao waliuza fulana kumchangia. Mwaka 1995 Hall alimgeuza akiwa amekaribia kabisa, kisha mwenyewe akampigia simu na kumpigia tena, njoo, nitakupunguzia bei. Akarudi. Mwaka 1996 Hansen alifika kileleni baada ya saa kumi jioni, na aliyeweka sheria ya saa nane alikuwa amesimama palepale anamngoja.

Hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje.

Nilikumbuka mteja mmoja, mrefu, mcheshi, aliyetapika kwenye kituo cha tatu. Kiongozi wetu tulimwita Papa tu, wote, hata waliomzidi umri. Papa alimshika mkono akaangalia kucha, akaangalia midomo, akamuuliza jina la hoteli aliyolala jana. Yule bwana akafikiri muda mrefu. Papa akasema tunashuka. Mteja akakataa: amelipa dola 300, lazima aone moto. Na mimi, nikiri tu, nilikuwa upande wa mteja. Matabishi, yaani bakshishi, yalikuwa yanatoka juu, ukingoni, mtu akishaona ziwa la moto na kupiga picha zake. Akishukia njiani hakuna kitu. Nikamwambia Papa, labda apumzike kidogo. Akanijibu bila kugeuka: «Mutoto, beba mzigo, tunashuka.» Nilinuna mpaka Kibati. Matabishi sikupata.

Sasa, Hall naye alikuwa na matabishi yake. Mwaka uliotangulia hakuna mteja wake hata mmoja aliyefika kileleni. Fischer alikuwa mshindani mpya, yuko palepale na kundi lake. Na katikati ya wateja alikuwapo mwandishi ambaye angesimulia Marekani nzima nani kafikisha watu na nani hakufikisha. Krakauer hajifichi katika hilo. Anauliza waziwazi kama kuwapo kwake kuliwasukuma Hall na Fischer, na hajijibu vizuri. Nilimpenda kwa hilo.

Kuna sehemu nyingine ambayo mtu wa Goma ataielewa kuliko mtu wa Paris. Sisi tunajua mazuku. Tunajua kuwa hewa inaweza kulala kwenye bonde dogo nyuma ya nyumba, huioni, hainuki, na mbuzi akishuka kunywa maji harudi. Everest ni hewa ileile ya uongo kwa namna nyingine: kileleni oksijeni unayopata kwa kila pumzi ni kama theluthi moja ya ile ya pwani, na kinachotangulia kufa ni akili. Andy Harris, kijana aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Hall, alifika mahali zilipoachwa chupa za oksijeni akaanza kubisha kwamba zote ni tupu. Zilikuwamo zilizojaa. Kifaa chake cha oksijeni, inaonekana, kilikuwa kimeziba kwa barafu. Wengine wakamwamini, kwa sababu yeye ndiye kiongozi.

Na Krakauer mwenyewe? Alisema alimwona Harris jioni ile karibu kabisa na mahema, akaongea naye. Akatangaza kambini Harris yuko salama. Familia ikapata habari hiyo. Baadaye alipozungumza na mteja mmoja wa Fischer ndipo akagundua kwamba aliyeongea naye kwenye dhoruba alikuwa huyo, si Harris. Harris alikuwa amerudi juu kwa Hall na Hansen, na hakushuka. Kurasa hizo anaziandika kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wake mwenyewe. Mwandishi mwingine angezipunguza.

Nina malalamiko mawili.

La kwanza, Anatoli Boukreev. Alikuwa kiongozi wa Fischer, hakutumia oksijeni ya chupa, akashuka kabla ya wateja wake. Krakauer anamlaumu, na lawama nyingine naona ni halali. Lakini ni huyohuyo aliyetoka usiku peke yake kwenye upepo, akarudi, akatoka tena, akaleta watu watatu hai. Boukreev alijibu kwa kitabu chake mwaka huohuo wa 1997, na Desemba akafa kwenye maporomoko ya theluji, mlima Annapurna. Hiki changu kinamtendea haki nusu. Ukisoma, usimhukumu kabla hujafika mwisho.

La pili linaniuma zaidi. Washerpa, wenyeji wa milima ya Nepal, wabebaji na waongozaji wa kule. Ang Dorje na Lhakpa Chhiri, waliokuwa wamepanda jana yake, walipanda tena Mei 11 kumfuata Hall mpaka upepo ukawashinda. Watu wawili, wamechoka kufa, wanarudi kule! Tunapewa aya chache. Hatujui walisemezana nini njiani, nani alisema tugeuke, nani alilia. Najua kwa nini: Krakauer alikuwa amelala hemani, nusu mfu, na anaandika alichokiona. Lakini maongezi ya Hall na mkewe mjamzito kwa redio na simu tunayasikia neno kwa neno, nami nililia kama kila mtu. Ningependa kusikia na yale mengine. Wahindi watatu nao wamepita haraka mno.

Halafu Beck Weathers. Daktari kutoka Texas, macho yalimgoma juu kwa sababu ya upasuaji wa zamani. Hall akamwambia: kaa hapa, niahidi hutatoka mpaka nirudi. Akaahidi. Akakaa saa na saa kwenye baridi, watu wanashuka wanampita, wanamwambia twende, yeye anasema nimeahidi. Usiku ule wakamwacha kama maiti. Kesho yake akaamka, akaingia kambini kwa miguu yake, mkono umenyooka mbele kama ubao. Alipoteza mkono wa kulia chini ya kiwiko, vidole vya kushoto na pua.

Kifaransa chake si kigumu, aliyemaliza sekondari anakiweza, ila majina ni mengi na utawachanganya. Toleo langu lina orodha ya watu mwanzoni, niliikunja kona. Usikisome usiku ukiwa peke yako na umeme umekatika. Nyota nne. Ya tano ingekuwa ya Washerpa.

Nilimpelekea Papa nakala yangu Jumapili moja, Majengo. Anasoma polepole, na miwani ya mkewe. Baada ya wiki mbili nilipita, nikamkuta kwenye ukurasa wa Hansen kileleni. Hakusema lolote juu ya Hall. Aliniuliza tu kama yule mtu wa posta alikuwa na watoto. Nikamwambia ndiyo. Akatia kipande cha gazeti kwenye ukurasa, akafunga, akamwita mjukuu alete chai. Kitabu bado kiko kwake.