Linux Mint Xfce kwenye ThinkPad T420: mzee bado anadunda

Laptopu ya ThinkPad T420 ya 2011 yenye RAM ya GB 4 inaubeba Linux Mint 22 Xfce (mfumo endeshi wa bure, wenye mwonekano mwepesi uitwao Xfce) bila kuhema. Itakayoichosha ni rundo la vichupo vya kivinjari. Hamisha mafaili yako kwanza. Andika ISO (faili la kusakinishia mfumo) kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus, programu ya Windows ya kazi hiyo. Ukiinakili tu kama wimbo, mashine haitawaka nayo. Washa mashine ukibonyeza F12, chagua flashi, ujaribu Wi-Fi kabla ya kusakinisha. Laptopu zenye kadi ya Wi-Fi ya Broadcom mara nyingi hugoma hapo: shiriki intaneti ya simu kwa waya wa USB, kisha fungua Driver Manager (sehemu ya Mint ya kuweka viendeshi vya vifaa). Mzigo hasa ni diski ya kuzunguka. Weka SSD ya inchi 2.5, diski isiyozunguka, mahali pake. Betri iliyochoka, hapana, Linux haiifufui.